Ndovu Ndani ya Vumbi

Stesheni nzima ilimwita Sauti. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, wala hapana aliyelitafuta. Ndiye aliyekaa kwenye kile chumba cha vioo juu ya ngazi, mbele ya kipaza sauti, akiwaambia abiria treni ipi inaingia, ipi inatoka, na wasimame jukwaa gani. Na alivyoyasema! Hakupiga kelele, wala hakuyatafuna maneno kama watangazaji wa siku hizi wanaosema kama wana chakula cha moto mdomoni. Neno lake lilitoka limenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Wapagazi walitua mizigo chini wamsikilize vizuri, na treni yenyewe hawaipandi.

Mkewe mtaani alijulikana kama Komeo. Si kwa ubaya. Mlango ukishatiwa komeo umetiwa, na yeye akishasema hapana, basi ni hapana, hata umletee nani. Shule aliionja tu. Herufi alizijua kama mtu anavyowajua majirani, mmoja mmoja, kwa sura; wakimjia wengi kwa pamoja anawachanganya. Lakini hakuna aliyewahi kumlaghai, awe mwenye duka au mkwe.

Hao wawili waliishi vizuri, wakalea watoto, watoto wakaondoka, wakabaki wao na nyumba yao ya vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Kitu kimoja tu kilimkera Komeo, na kitu chenyewe ni gazeti.

Si gazeti lote. Ni lile la Jumamosi, ukurasa wa nyuma, penye fumbo la maneno, mraba wa vijumba vyeupe na vyeusi. Pembeni yake wameandika vidokezo, na vidokezo vyenyewe havina adabu: vinasema hili huku vinataka lile. Sauti alikuwa akila chakula cha mchana, anafuta mdomo, anavuta kiti karibu na dirisha, na hapo tena humpati. Anatazama, anatafuna kalamu, mara anacheka peke yake, anajaza vijumba.

"Unacheka nini?" Komeo humuuliza.

"Ni maneno tu, mama watoto."

"Maneno gani?"

"Ah, marefu kuyaeleza."

Mtu anayewaeleza watu wa stesheni nzima, akifika nyumbani maelezo yamemwishia! Komeo alichukua kitambaa akafuta meza pale palipokuwa pasafi. Akafuta hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, na moyoni alikuwa anajua kwamba mume wake ana chumba kimoja kichwani ambamo yeye hajawahi kukaribishwa aketi.

Halafu kiharusi kikaja. Kilimkuta Sauti asubuhi anavaa viatu. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na ile sauti iliyokuwa ikiwatuliza watoto jukwaani ikabaki na neno moja tu: haswa.

"Unataka chai?"

"Haswa."

"Au hutaki?"

"Haswa."

"Mume wangu, unanijua mimi ni nani?"

"Haswa," akasema, na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa anasikia alichosema na sicho alichotaka kusema.

Hospitali wakampeleka kwa daktari wa kutibu usemi, binti mdogo, mpole, mwenye viatu vya raba. Huyo akamweleza Komeo vizuri. Akili ya mzee ni nzima, alisema. Maneno yake yote yamo, hayajapotea hata moja. Njia ya kuyatolea ndiyo imeziba. Itazibuka kidogo kidogo, kwa kazi.

"Kazi gani?"

"Azungumze. Mumpe sababu ya kuzungumza. Na jambo moja, mama: msimmalizie maneno yake. Akikwama, mwacheni akwame mpaka atoke mwenyewe."

Komeo akalishika hilo kama alivyoshika mkoba wake. Wengine hawakulishika. Jirani yao fundi viatu, aliyefanyia kazi kwenye kibaraza cha pili, alikuwa mtu wa huruma nyingi na subira haba. Sauti akianza tu, yeye anadaka.

"Mi... mi..."

"Mikono, mzee? Mikono inauma?"

"Mi..."

"Mifuko? Mishumaa? Mimba?"

"Mimba tena, wewe!" Komeo akamrukia. "Nyamaza, shemeji, au hiyo nyundo nitakuwekea mahali. Anataka miwani yake na ataisema mwenyewe."

Fundi viatu akanyamaza kwa shida, kama mtu aliyezuiwa kupiga chafya. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa, lakini neno halikutoka. Sauti alinyoosha kidole tu. Komeo akampa miwani, roho ikimuuma.

Katikati ya hayo mkuu wa stesheni akaja kumwona mgonjwa. Yeye na Sauti walianza kazi pamoja, vijana wembamba. Alikaa, akazungusha kofia mikononi, mwisho akasema lililomleta. Huko juu wamenunua mashine. Ni sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, inataja treni zote bila kuchoka wala kuumwa. Wanataka waiweke mara moja.

"Nimewaomba mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Aje chumbani kwake, asome tangazo moja kwenye kipaza sauti, watu waelewe. Akiweza, kiti ni chake. Asipoweza, shemeji, mikono yangu imefungwa."

Sauti alimtazama mgeni, akafungua mdomo, akaufunga. Mgeni alipoondoka alijilaza akageukia ukutani. Mtu akinyang'anywa mkate utamwonea huruma. Lakini yule alinyang'anywa jina. Sauti asiye na sauti ni nani? Komeo aliuona mgongo ule umekunjwa akaelewa kwamba mwezi ukiisha vibaya mumewe hatageuka tena kutoka kwenye ule ukuta.

Jumamosi ikafika. Gazeti likaletwa kama kawaida, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia muuza magazeti asilete. Sauti akaliona. Akanyoosha mkono wa kushoto. Komeo akamkalisha karibu na dirisha, akampa miwani na kalamu. Kalamu ikamtoka ikaanguka. Mkono wa kulia hauna nguvu na wa kushoto haujui kazi. Ikaokotwa, ikaanguka tena. Akampa mkewe hiyo kalamu, akaweka kidole kwenye kidokezo, kisha akaanza kumwonyesha herufi kwenye kichwa cha gazeti, moja moja. N. D. O. V. U. Na kidole kikarudi kwenye vijumba: andika.

Hapo ndipo Komeo alipotia komeo.

"Ndovu," alisoma polepole. "Sawa. Na huku wameuliza nini?" Akasoma kidokezo kwa kidole, neno baada ya neno, jasho likimtoka puani. *Kando, vumbi limemficha mnyama mkubwa.* Akaweka kalamu nyuma ya sikio. "Wanyama wakubwa wako wengi. Kifaru ni mkubwa. Kiboko ni mkubwa. Kwa nini ndovu?"

"Haswa."

"Haswa nini? Miaka yote umenijibu 'marefu kuyaeleza'. Leo kalamu ninayo mimi. Siandiki kitu nisichokielewa. Eleza."

Akaweka kiganja shavuni, akafinya jicho moja, akangoja. Sura hiyo ya Komeo watoto wake wanaijua. Ukiletewa sura hiyo, bora useme kweli mapema.

Sauti akakasirika. Akapiga meza kwa mkono mzima. Akasukuma gazeti. Akalivuta tena. Mwisho akaweka kidole chini ya neno *kando*, si lote, mwisho wake tu, akakikokota mpaka mwanzo wa neno *vumbi*, akasimama hapo. Akarudia. Mdomo ukahangaika, shingo ikatoa mishipa.

"Nda..."

Fundi viatu kibarazani akainua kichwa. Komeo akamtolea jicho, akakiinamisha.

"Nda... ndani."

Neno likakaa hewani. Halikuwa haswa. Lilikuwa neno jingine kabisa, jipya kama limetoka dukani.

Komeo hakulia, aliogopa kumvuruga. Aliinamia gazeti akafuata kidole. Mwisho wa kando: n, d, o. Mwanzo wa vumbi: v, u. Akayasoma pamoja, akarudia, na ghafla akamwona. Ndovu mzima, na masikio yake, kasimama katikati ya maneno mawili na watu wanapita hawamwoni.

"Yumo ndani!" akapiga kofi. "Vumbi limemficha kweli! Shemeji, njoo uone, wamemficha tembo kwenye gazeti!"

Akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa, zinagombea nafasi, v ikapanda ukutani. Lakini alijua alichoandika na kwa nini.

Basi huo ukawa utaratibu wa nyumba. Mzee anapata jibu, maana kichwa chake kilikuwa kikali kama zamani. Bibi ana kalamu. Na kalamu haishuki mpaka jibu liwe limeelezwa likaeleweka. Jumamosi moja haikutosha, wakawa wanalichukua fumbo hilohilo siku zote za wiki. Daktari wa viatu vya raba aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema waendelee hivyohivyo.

Si kwamba ilikuwa raha. Kuna siku waligombana vibaya. Kidokezo kilisema *koroga samaki, upate cha kukatia nguo.* Sauti akaonyesha herufi za makasi.

"Eleza."

"Ko... koroga."

"Samaki hakorogwi, mzee. Nimepika tangu sijaolewa. Ukimkoroga anavunjika."

"He... he..."

"Na usinicheke."

"He... herufi!" akafoka, mate yakaruka. "Koroga... herufi!"

Komeo akalichukua neno samaki, akaandika herufi zake kwenye vipande vya karatasi, akavitandaza mezani kama anachambua mchele, akavisogeza huku na huku. Ilipotokea makasi aliangalia kabatini yalipokuwa makasi yake mwenyewe, kama vile yangeweza kuwa yanajua siku zote na hayakumwambia.

Siku nyingine ni *siye aliyenizaa: inuka*. Sauti alikuwa anaendelea vizuri, maneno mawili matatu yanafuatana. Akamnyooshea mkewe kidole.

"Si... mama."

"Nani si mama? Mimi? Nimekuzalia watoto unaowaona picha zao ukutani, leo si mama?"

Fundi viatu alikuwa ameingia kuomba maji, na kikombe alikuwa nacho tayari mkononi. "Shemeji, mimi simo," akasema, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Si... mama," Sauti akarudia, akitikisa kichwa, akicheka kwa ule upande wa mdomo uliokubali. "Simama!"

Na Komeo, kwa mazoea ya kumhudumia, akasimama. Akabaki wima katikati ya chumba, kalamu mkononi, mpaka lilipomwingia. Si, na mama. Inuka. Walicheka wote watatu, hata maji ya fundi viatu yakamwagika.

Lakini mwezi ulikuwa unakwenda. Sauti alisema sasa, ila alisema kama mtu anayevuka mto kwa mawe: neno, asimame, atafute jiwe lingine. Usiulize kama walikuwa na hofu. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho Komeo alimnyooshea lile shati la kazi mara mbili, likawa na makali ya kukata.

Asubuhi wakapanda zile ngazi, yeye mbele, mkewe nyuma akishika kiuno chake bila kujionyesha kuwa anashika. Chumba kilikuwa vilevile: saa ya ukutani, kiti chenye mto alioushona Komeo, meza iliyochakaa pale viwiko vyake vilipokaa. Pembeni, juu ya kabati, kulikuwa na sanduku jipya la rangi ya kijivu lenye taa ndogo. Mashine.

"Mama, humu ni wafanyakazi tu," mkuu wa stesheni alisema kwa upole.

"Na mimi nafanya kazi," Komeo akajibu. "Kazi yangu ndiyo hii nimeileta." Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Aliyekuwa na nguvu ya kumtoa hakupatikana.

Kabla hawajaanza simu ikalia. Mkuu akaipokea. "Daraja? Maji yamefika wapi? ... Mafundi wanakagua? Haya." Akakata, akaandika kikaratasi, akamwekea Sauti mbele. *Treni ya kaskazini itachelewa. Abiria wasubiri.*

"Hilo tu," alisema. "Sababu hatutoi. Abiria ukimpa sababu atakupa na maswali."

Ndivyo ilivyokuwa sheria pale siku zote. Na kila treni ilipochelewa watu walikuwa wakilivamia dirisha la tiketi, wakipiga vioo, wakimtukana karani ambaye naye hajui kitu. Kwa nyuma ya vioo Komeo aliwaona jukwaani, wameanza kuchungulia reli, wameanza kuguna.

Sauti akawasha kipaza sauti. Akavuta pumzi.

"Treni..."

Kimya. Mkuu akaangalia kofia yake.

"Treni... ya kaskazini..." Kimya kingine. Komeo alihisi neno liko ncha ya ulimi wa mumewe, na lake mwenyewe lilikuwa linamwasha, angeweza kulisema likaisha. Akauma mdomo. Akikwama, aachwe akwame mpaka atoke mwenyewe. "...itachelewa. Abiria... wasubiri."

Tangazo lilikuwa limeisha. Lilikuwa polepole, lakini lilieleweka, kila neno limevaa viatu vyake. Mkono wa mkuu ukaenda kwenye kitufe cha kuzima. Na Sauti, kabla hakijazimwa, akageuka kumtazama mkewe.

Sasa, Komeo hakukusudia. Hofu tu ilikuwa imemshika, na akishikwa na hofu hana sura nyingine. Alikuwa ameweka kiganja shavuni, amefinya jicho moja.

Sauti akaiona sura hiyo, na mwezi mzima wa meza ya dirishani ukamjia. Jibu amelitoa. Maelezo bado. Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Naeleza," alisema, na stesheni nzima ikamsikia. "Mvua... imejaza mto. Maji... yamegusa daraja. Mafundi... wako darajani... wanakagua. Likiwa zima... treni itapita. Likiwa bovu... nitawaambia... mwenyewe."

"Hayo hayamo kwenye karatasi!" Mkuu alikuwa amezima, uso umemwiva. "Bwana wee, unataka kunifukuzisha? Sasa subiri uone dirisha la tiketi!"

Wakaangalia wote. Chini, watu walikuwa wamesimama vichwa juu, wanatazama kile chumba cha vioo. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akavuta mzigo wake, akaukalia. Mzee wa fimbo akakaa karibu naye. Wengine wakaanza kukaa, wakielezana habari za daraja. Karani wa tiketi alikuwa amejikunyata kama kawaida akingoja kelele, hakuna aliyekuja. Akachungulia dirishani mwenyewe kujua kuna nini.

"Leo tumeambiwa!" mpagazi mmoja akapaza sauti kutoka jukwaani. "Sauti amerudi!"

Mkuu wa stesheni alisimama kwenye kioo muda mrefu. Alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa amechoka kubadilisha vioo vya dirisha la tiketi. Akaangalia sanduku la kijivu, akamwangalia mwenzake wa ujana.

"Hii mashine," alisema mwisho, "itataja treni zinazokuja kwa wakati. Zinazochelewa utaeleza wewe."

Na treni za pale, nani asiyezijua? Kwa wakati ilikuja ile ya mkuu wa nchi tu, nayo si kila mwaka. Kazi ikawa tele. Watu wa huko mpaka leo wanasema ndiyo stesheni pekee ambayo mtu anachelewa na anaondoka hana kinyongo, kwa sababu kuna mzee mmoja, neno moja, pumzi moja, anakueleza kama vile anakuheshimu. Mashine ile inapata vumbi. Sauti alivunjika, akajiunga kwa ubishi na kazi ngumu, na alichokipata kikawa bora kuliko kile alichopoteza. Kabla ya hapo alikuwa akitangaza, hakuwa akieleza.

Jumamosi iliyofuata aliporudi alimkuta Komeo uani, ndoo imejaa nguo mbichi miguuni na gazeti limekunjwa kwapani. Hakuwa ameanika hata moja. Alimpa gazeti bila kumtazama. Kwenye mraba uliokuwa bado mtupu, mahali pamoja, palikuwa na herufi kubwa zinazogombea nafasi: ANIKA.

Sauti akatafuta kidokezo. *Akina wamerudi nyuma. Tandaza juani.* Akakitazama, akamtazama mkewe. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka kiganja shavuni na kufinya jicho moja.

"Eleza."

"Usiniige, wewe."

"Eleza... mama watoto."

Komeo akafuta mikono kwenye kanga. Akaja akasimama nyuma ya bega lake, akaweka kidole mkiani mwa neno *akina*, akakirudisha nyuma polepole, herufi baada ya herufi. "Hawa akina wamegeuka wanarudi kwao. Usiwafuate mbele, wafuate walivyogeuka. A, n, i, k, a. Na nguo mbichi nimekuwa nikizipeleka juani tangu sijakujua. Nimeeleweka?"

Sauti aliinua uso. Maneno mengi alikuwa nayo sasa, angeweza kuchagua lolote.

"Haswa," akasema.